Ujerumani inalipia nini kwenye njia ya wahamiaji, na sisi wa Pwani tunabaki na nini?

Siku moja tulipomaliza kusoma habari ya wahamiaji waliokamatwa wakiwa wamejazwa kwenye gari, msikilizaji wetu mmoja wa Kisarawe alituma ujumbe: "Mtangazaji, kila siku tunasikia Wazungu wametoa mabilioni ya kushughulikia wahamiaji. Huku kwetu tunachokiona ni vijana wa bodaboda kufungwa tu. Hizo hela zinaenda wapi?"

Hewani nilimjibu kwa dakika mbili, muda ukaisha. Swali lake lilistahili zaidi ya hapo, ndiyo maana nimeliandika hapa ulisome taratibu kwenye simu yako. Nitachukua nchi moja tu, Ujerumani, na mradi mmoja ambao hesabu zake zinajulikana. Ukiuelewa huo, utaelewa na mingine inayofanana nao.

NJIA INAYOPITA MLANGONI KWETU

Tuanze na kile tunachokijua. Wengi wa wahamiaji wanaokamatwa mkoani Pwani ni vijana wa Ethiopia, hasa wa kusini mwa nchi hiyo. Hawaji kuishi Kibaha wala Mlandizi. Wanakwenda Afrika Kusini kutafuta kazi na biashara. Wanavuka mpaka wa Moyale kuingia Kenya, kisha wanaingia Tanzania kwa nchi kavu upande wa Kilimanjaro na Tanga, au kwa vyombo vya baharini hadi fukwe za Tanga na Bagamoyo. Kutoka hapo wanaelekea Mbeya na Songwe, kisha Malawi au Zambia, Msumbiji, na mwisho Afrika Kusini.

Angalia ramani utaona kwa nini sisi tumo. Barabara ya Morogoro inapita katikati ya Kibaha. Reli ya TAZARA inapita Kisarawe. Misitu yetu iko karibu na Dar es Salaam, na mtu anaweza kufichwa humo siku mbili tatu akisubiri gari. Wataalamu wanaiita njia ya kusini.

Ni njia inayoua. Juni 2012, katika wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini. Walikuwa wamefungiwa kwenye lori, wakakosa hewa. Machi 2020, huko Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64. Oktoba 2022, wilaya ya Mzimba nchini Malawi, liligunduliwa kaburi la pamoja, na miili 25 ikafukuliwa mwanzoni. Desemba mwaka huohuo, nje kidogo ya Lusaka nchini Zambia, ikakutwa miili 27 kando ya barabara.

Wanaofika Tanzania wakiwa hai, wengi wamekuwa wakiishia gerezani. Januari 2021, Rais wa Ethiopia wa wakati huo, Sahle-Work Zewde, alipomtembelea Rais John Magufuli kule Chato, ilitangazwa kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza yetu wangeachiwa warudi kwao. Fikiria chakula, dawa na ulinzi wa watu hao kwa miezi na miaka. Hiyo ilikuwa ikilipwa na walipa kodi wa Tanzania. Kwa hiyo, msikilizaji wangu, mlipaji wa kwanza ni wewe mwenyewe.

NANI ANALIPA NINI

Sasa twende kwa Ujerumani. Mwaka 2015 nchi hiyo ilipokea waomba hifadhi takriban 890,000 ndani ya mwaka mmoja, wengi wao wakitoka Syria, Afghanistan na Iraq. Novemba mwaka huo, viongozi wa Ulaya na Afrika walikutana Valletta, mji mkuu wa Malta. Huko ndiko ulikoanzishwa Mfuko wa Dharura wa Umoja wa Ulaya kwa Afrika, ambao lengo lake lilikuwa kushughulikia sababu zinazowafanya watu wahame bila utaratibu. Hadi mwisho wake ulikusanya Euro bilioni 5 hivi. Sehemu kubwa ilitoka Umoja wa Ulaya wenyewe. Sehemu iliyobaki ilichangwa na nchi mojamoja, na Ujerumani na Italia ndizo zilizochanga zaidi. Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zilizostahili kufaidika, katika kundi la Pembe ya Afrika.

Kutokana na mfuko huo ulizaliwa mradi wa usimamizi bora wa uhamaji, unaofahamika kwa herufi BMM. Ulianza mwaka 2016. Awamu yake ya kwanza ilikuwa na Euro milioni 46, ambazo kwa viwango vya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 100. Umoja wa Ulaya ulitoa milioni 40. Ujerumani ikaongeza milioni 6 kupitia wizara yake ya ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na shirika lake la maendeleo, GIZ, likapewa uongozi wa mradi mzima. Awamu nyingine zilifuata baada ya ile ya kwanza kumalizika mwaka 2019.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Ujerumani iliweka milioni 6, lakini shirika lake likashika usukani wa kazi ya milioni 46. Hakuna wizi hapo, ndivyo mikataba ya wafadhili inavyopangwa. Ila inaonyesha kwamba nchi inapotoa fedha hupata pia kiti mezani, na mwenye kiti ndiye anayesikilizwa kazi inapopangwa.

Ujerumani haikuishia hapo. Mwaka 2017 na 2018, pamoja na Morocco, iliongoza Jukwaa la Dunia la Uhamaji na Maendeleo, ambapo serikali hukutana kujadili mambo haya. Desemba 2018, kule Marrakech, nchi nyingi zilipitisha Mkataba wa Dunia wa Uhamaji Salama, wenye Utaratibu na wa Kawaida. Mkataba huo haumfungi mtu kisheria, ni makubaliano ya kushirikiana. Baadaye Umoja wa Mataifa ukaanzisha mfuko wa kuutekeleza, na Ujerumani ni miongoni mwa wachangiaji wake.

FEDHA HIZO HUFANYA KAZI GANI?

Hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Tunasikia "mabilioni ya wahamiaji" tunadhani kuna mtu anapewa bahasha. Mradi wa BMM uligawa kazi yake katika mafungu manne.

La kwanza ni sheria na sera. Kama Kenya inamwona kijana wa Ethiopia kuwa mhalifu na nchi jirani inamwona kuwa mwathirika, kesi inavunjika mpakani. Kwa hiyo wanasheria na maofisa hukutanishwa ili wazungumze lugha moja.

La pili ni mafunzo ya polisi, maofisa uhamiaji, waendesha mashtaka na mahakimu. Lengo ni kumfikia tajiri anayepanga safari, badala ya kuishia kwa dereva.

La tatu ni ulinzi wa waathirika, yaani nyumba za muda, matibabu, mkalimani na msaada wa kurudi nyumbani.

La nne ni elimu kwa umma, ili kijana ajue kinachomsubiri njiani kabla hajauza ng'ombe wa baba yake kumlipa wakala.

Kazi hizo hufanywa na GIZ pamoja na wengine, likiwemo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu. Kwa hiyo sehemu nzuri ya fedha hugeuka kuwa mishahara ya wataalamu, tiketi za ndege, kumbi za semina na vitabu vya mafunzo. Semina inaweza kuwa na maana kubwa, kwa mfano pale mpelelezi anapojifunza kufuatilia miamala ya simu ya mtandao wa wasafirishaji. Inaweza pia kuwa chai, posho na picha ya pamoja. Tofauti utaiona baadaye mahakamani, kwenye aina ya washtakiwa wanaofikishwa.

Hapa Tanzania tunacho kitu cha namna hii kinachoonekana kwa macho. Mjini Moshi, ndani ya chuo cha kikanda cha uhamiaji, IOM ina kituo cha Afrika cha kujenga uwezo, kilichoanzishwa mwaka 2009. Maofisa wa nchi mbalimbali za Afrika hufundishwa pale kusimamia mipaka, kutambua hati za kughushi na kumtambua mtu aliyeuzwa.

KUSAFIRISHWA NA KUUZWA NI VITU VIWILI

Nikae kidogo hapa, kwa sababu tofauti hii inahusu maisha ya watu.

Kijana wa Ethiopia aliyemlipa wakala ili avushwe mipaka bila hati amesafirishwa kwa magendo. Amekubali safari, na kosa lililotendeka ni dhidi ya sheria za uhamiaji za nchi anazopita. Lakini binti wa Kisarawe aliyeahidiwa kazi ya dukani Muscat, akafika akanyang'anywa pasipoti, akafanyishwa kazi usiku na mchana bila mshahara, huyo ameuzwa. Hata kama alipanda ndege kwa hiari na kwa hati halali, ridhaa aliyoitoa kwa kudanganywa si ridhaa. Hata mtoto anayechukuliwa kijijini kwenda Dar es Salaam kwa ahadi ya shule akaishia kutumikishwa kwa nguvu ameuzwa, ingawa hakuvuka mpaka wowote.

Mambo haya mawili hukutana njiani. Kijana aliyeanza kwa kulipa, akafungiwa porini na kupigwa ili ndugu zake watume fedha zaidi, tayari amekuwa mwathirika. Ofisa asiyefundishwa humwona mhamiaji haramu peke yake. Aliyefundishwa huuliza maswali zaidi kabla ya kumpeleka mahabusu.

Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008, na ipo sekretarieti yake chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria hiyo pia ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waathirika. Ukumbuke mfuko huo, tutaurudia.

MACHO YA ANAYELIPA YAKO WAPI?

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo jibu hasa la swali la msikilizaji wetu.

Ujerumani na wenzake wa Ulaya walitoa fedha kwa sababu watu walikuwa wanavuka bahari ya Mediterania kwenda kwao. Hawakuficha hilo. Ni haki ya kila serikali kuangalia mlango wake kwanza. Lakini matokeo yake ni kwamba fedha huangalia njia ya kaskazini zaidi kuliko ya kusini. Kazi kubwa ya BMM imekuwa Djibouti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Somalia, Sudan, Sudan Kusini na Uganda. Ukichora mstari wa kijana anayetoka kusini mwa Ethiopia kwenda Afrika Kusini, utaona kwamba nchi nyingi anazopita baada ya Kenya, kuanzia Tanzania hadi Malawi, Zambia na Msumbiji, hazimo katika orodha hiyo. Na huko ndiko makontena yalikofunguliwa yakakutwa na maiti.

Mwathirika wa Kongwa au wa Tete hakuwa anakwenda Berlin. Kifo chake hakiwakoseshi usingizi wapiga kura wa Ulaya. Sisemi kwamba Wajerumani hawana huruma. Nasema mfadhili hupanga kwa mahitaji yake, na pale mahitaji yake na yetu yanapoachana, sehemu inayobaki ni yetu.

Kuna na hatari nyingine. Fedha za kudhibiti watu zinaweza kuangukia mikono isiyofaa. Mwaka 2019, Sudan ilipokuwa katika machafuko na vikosi vya usalama vikishutumiwa kuua raia, baadhi ya kazi za miradi ya uhamaji iliyolipiwa na Ulaya zilisimamishwa huko. Na wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya wenyewe, katika taarifa zao za 2018 na 2024 kuhusu ule mfuko wa dharura, walisema fedha zilitawanywa kwenye mambo mengi mno bila kulenga vizuri. Kwa hiyo anayeuliza hela zinaenda wapi haonyeshi kukosa shukrani. Wenye fedha wenyewe wanauliza.

FEDHA ZIKIKATIKA

Mwaka 2025 tuliona upande wa pili wa msaada. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada mingi ya nje kuanzia Januari. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa IOM. Machi mwaka huo, shirika hilo likatangaza kwamba fedha za mwaka zingepungua kwa asilimia 30 na wafanyakazi zaidi ya 6,000 wangeguswa.

Sababu ni rahisi. Nchi wanachama wa IOM hulipa ada, lakini ada ni sehemu ndogo ya bajeti yake. Sehemu kubwa ni fedha za miradi, ambazo nchi fulani hutoa kwa kazi fulani kwa muda fulani. Muda ukiisha au serikali ikibadilika, kazi inasimama, hata kama njia bado ina watu. Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

FUNZO LIKO HAPAHAPA KIBAHA

Mtu anaweza kudhani nasema tukatae misaada. Hapana. Sisi wa Kibaha tunajua vizuri kwamba fedha za nje zinaweza kuacha kitu.

Mwaka 1963, nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo hapa. Kilikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Tanzania. Leo tunakiita Shirika la Elimu Kibaha. Shule bado inafundisha. Tumbi, ambako wengi wetu tumezaliwa au tumezalia, imekuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Hao wafadhili waliondoka zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Kilichofanya kazi hiyo ibaki ni kwamba Watanzania walishika uongozi na serikali ikaweka bajeti. Ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa fedha za Ujerumani au za nchi yoyote kwenye mambo ya uhamaji. Tuache kuuliza wametoa kiasi gani. Tuulize, wakiondoka kesho, mpelelezi aliyefundishwa ataendelea kuwapo? Nyumba ya waathirika itaendelea kuwa wazi? Mkalimani wa Kiamhari atalipwa na nani?

Na hapa ndipo tunarudi kwenye ule mfuko wa sheria ya 2008. Huo ni wetu. Kila mwaka, bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani husomwa bungeni kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Mbunge wako wa Kibaha au wa Kisarawe anaweza kusimama na kuuliza: mfuko wa waathirika umetengewa shilingi ngapi, na zimetoka ngapi? Muulize akija kwenye mkutano wa hadhara. Swali hilo halihitaji digrii.

KWA WEWE ULIYEPO KIJIJINI

Kijana wa bodaboda, nakuomba usome hapa mara mbili. Mtu akikuita usiku uwabebe "wageni" kutoka porini kwa nauli kubwa kuliko kawaida, jua unachoitiwa. Mahakama zetu zimekuwa zikiwahukumu wasafirishaji faini ya Sh milioni 20 au kifungo cha miaka 20. Pikipiki nayo inaweza kutaifishwa. Tajiri aliyepanga safari hatakuja kukutazama gerezani.

Mama au baba mwenye nyumba ya kupangisha, mpangaji anayelipa miezi mingi kwa mkupuo halafu chumba kikawa na watu kumi wasiotoka nje mchana, mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa kabla mambo hayajaharibika.

Ukiwakuta watu porini wana njaa, kuwapa maji na chakula ni utu. Hatua inayofuata ni kumpigia mwenyekiti, mtendaji wa kijiji au polisi kwa namba 112. Usiwapige, usiwachukulie simu wala fedha. Kama kuna mtoto anayetumikishwa au kuteswa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Na binti anayeahidiwa kazi Oman au Dubai, mwambie wakala akuonyeshe leseni yake, kisha uihakiki kwa kitengo cha serikali cha huduma za ajira, TaESA. Omba mkataba wenye jina la mwajiri na mshahara, katika lugha unayoielewa. Acha nakala ya pasipoti na namba za simu kwa mtu wa nyumbani. Wakala anayekwambia usimwambie mama yako, huyo hakutafutii kazi.

Msikilizaji wangu wa Kisarawe, nadhani sasa nimekujibu. Hela za Ujerumani zimelipia sheria, mafunzo, ulinzi na elimu, nyingi zikiwa kaskazini mwa hapa tulipo, kwa sababu ndiko macho ya aliyezitoa yalikokuwa. Sehemu ya njia inayopita kwetu itasubiri bajeti yetu wenyewe, na itasubiri sisi tuidai. Tuma maoni yako kwa ujumbe mfupi kama kawaida, tutayasoma kwenye kipindi.